Taifa Lililomshitaki Mfalme Wake

Leo twende mbali kidogo, miaka elfu tatu nyuma, kwenye vilima vya Kanaani, kati ya Bahari ya Kati na mto Yordani. Tutazungumza habari za Waisraeli wa kale: dini yao ilivyoanza, na wafalme wao walivyopatikana.

Majina yao tumeyasikia tangu utotoni, kanisani au madrasani. Daudi, Sulemani, Sauli ambaye Waislamu wanamjua kwa jina la Taluti. Kwa kuwa tumeyazoea, tunapita juu juu bila kushangaa. Mimi nashangaa, na nashangaa kila nikirudi kusoma. Nenda Misri ya kale, nenda Ashuru, nenda Babeli: kote huko, kwa kawaida, aliyeshika kalamu aliishika kumsifu mfalme. Mfalme hashindwi, mfalme hakosei, mfalme anakaa bega kwa bega na miungu. Waisraeli nao, watu wachache waliobanwa katikati ya mataifa makubwa, walikaa chini wakaandika historia ya wafalme wao kama hati ya mashitaka, kisha hati hiyo wakaiingiza katika kitabu chao kitakatifu. Naamini kabisa kwamba bila kulielewa hilo hatuwezi kuelewa kwa nini dini yao iliendelea kuishi baada ya ufalme wao kufa.

Tuanzie kabla hawajawa na mfalme. Mara ya kwanza kabisa jina Israeli linaonekana nje ya Biblia ni kwenye jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa yapata mwaka 1208 KK. Mwingereza Flinders Petrie alilifukua mwaka 1896 huko Thebes, na likapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Cairo. Farao anajisifu kwa ushindi wake, anaitaja miji aliyoiteka, halafu anadai kwamba Israeli amekwisha, hana tena hata mbegu. Sasa, waandishi wa Misri walikuwa na alama ndogo ya kuweka mwishoni mwa jina, kumjulisha msomaji kama hilo ni jina la nchi au la kundi la watu. Ashkeloni na Gezeri zimepewa alama ya nchi. Israeli wamepewa alama ya watu. Kwa macho ya Farao, hawa walikuwa watu tu, hawana mji mkuu wala kiti cha enzi.

Wanaakiolojia waliotembea vilima hivyo katika karne iliyopita wameona vivyo hivyo. Baada ya mwaka 1200 KK hivi, mahali palipokuwa na vijiji vya kuhesabu, palizuka vijiji zaidi ya mia mbili. Ni vijiji vidogo, nyumba zake zinalingana, kila moja na ua wake, mitungi mikubwa ya kuwekea nafaka na maji, na matuta ya mawe yaliyojengwa kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Hakuna kasri. Mifupa ya nguruwe ni nadra sana. Vyungu vyao vinafanana mno na vile vya Wakanaani waliowatangulia, na ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi wanasema sehemu kubwa ya watu hawa ilitokana na Wakanaani wenyewe.

Na dini yao? Kwenye kilima kimoja cha kaskazini mwa nchi ya Samaria ilipatikana sanamu ndogo ya fahali wa shaba, ina urefu wa sentimita 18 tu, mahali pa ibada pa wazi juu ya kilima, mbali na mji wowote. Wakanaani wa pwani, kama tulivyojua tangu mji wa Ugarit ulipogunduliwa kule Syria mwaka 1928, walimwabudu El, mungu mzee, baba wa miungu, na Baali mwenye mvua na radi. Jina la Israeli lenyewe lina huyo El ndani yake. Yahwe, Mungu wa Waisraeli, ni mgeni aliyetoka kusini. Mashairi ya kale kabisa ya Biblia yanamwona akija kutoka Seiri na Parani, majangwa ya upande wa Edomu. Na hapa kuna jambo la kwetu Afrika: katika hekalu la Soleb, kando ya mto Nile kaskazini mwa Sudan, Farao Amenhotep wa Tatu aliandikisha majina ya watu aliowahesabu kuwa chini yake, karne ya 14 KK, na mojawapo ya majina hayo ni la nchi ya wahamahamaji inayoandikwa Yhw. Wataalamu wengi wanaona hapo alama ya kwanza ya jina ambalo baadaye Waisraeli walilishika kuliko yote.

Watu hawa waliongozwa na wazee wa koo, na vita vikija akainuka mtu shujaa, akapigana, kisha akarudi shambani. Biblia inawaita Waamuzi. Mmoja wao, Gideoni, aliombwa awe mfalme, yeye na wanawe, akakataa kwa kusema mtawala wao ni Mungu. Mwanawe Abimeleki hakuwa na subira hiyo. Alichukua vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la Shekemu, akakodi wahuni, akawaua ndugu zake sabini juu ya jiwe moja. Mdogo wao aliyenusurika, Yothamu, alipanda mlima akawapigia watu kelele kwa hadithi ya miti. Miti ilitaka mfalme. Ikauendea mzeituni, mzeituni ukasema una mafuta ya kutoa. Ikauendea mtini, kisha mzabibu, kila mmoja una kazi yake na matunda yake. Mwishoni ikauendea mti wa miiba, usiozaa kitu, na huo ukakubali mara moja, tena kwa vitisho. Msikilizaji, hii ni hadithi ya kisiasa kali kuliko nyingi zilizoandikwa tangu hapo, na imo ndani ya kitabu kitakatifu!

Kilichowavunja moyo ni Wafilisti. Hao walikuja kwa bahari karne ya 12 KK, wakakaa pwani katika miji yao mitano, Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi, wakaanza kupanda vilimani wakiwa na jeshi lililopangwa. Sanduku la Agano, kitu kitakatifu cha ibada yao, likatekwa. Inasimuliwa kwamba Mwisraeli akitaka kunoa jembe lake ilimbidi ashuke kwa Wafilisti, maana hawakutaka awe na mfua chuma wake asije akafua upanga. Hapo ndipo wazee walipokusanyika Rama, wakamwambia nabii wao Samweli: wewe umezeeka, wanao hawafuati nyayo zako, wanakula rushwa, tupe mfalme kama mataifa mengine.

Jibu la Samweli nawasihi mkalisome wenyewe, ni sura ya nane ya Samweli wa Kwanza. Hazungumzii mambo ya mbinguni. Anazungumzia gharama. Anawaambia mfalme huyo atawachukua vijana wao wakimbie mbele ya magari yake ya farasi, wengine wamlimie na kumtengenezea silaha. Mabinti zao watakuwa wapishi na waokaji wake. Mashamba mazuri atayachukua awagawie watumishi wake. Nafaka, zabibu, kondoo, kila kitu atadai sehemu ya kumi. Na siku watakapolia kwa sababu yake, Mungu hatawasikiliza. Watu wakasema pamoja na hayo yote, tunamtaka. Katika Kurani, Sura ya Baqara, kisa hiki kimesimuliwa kwa namna yake: wakubwa wa Bani Israili wanamwomba nabii wao awawekee mfalme wapigane vita, anateuliwa Taluti, nao wanalalamika kwamba hana mali. Kwenye Biblia, Sauli alikuwa katika kuwatafuta punda wa baba yake waliopotea, na aliporudi nyumbani alikuwa amekwisha kutiwa mafuta.

Katika kitabu hicho hicho, sura zinazofuata zinamfurahia mfalme, zinamwona ni mkombozi aliyetoka kwa Mungu. Waliokikusanya kitabu walikuwa na sauti mbili mkononi, inayompenda mfalme na inayomwogopa, wakaziacha zote mbili zisikike. Napenda uaminifu huo.

Baada ya Sauli alikuja Daudi, ambaye aliwahi kutiliwa shaka na baadhi ya wasomi kama alipata kuishi. Kisha mwaka 1993, kule Tel Dan, kaskazini kabisa ya Israeli, wachimbaji waliokuwa na Avraham Biran walikuta kipande cha jiwe jeusi la volkeno kimejengewa ndani ya ukuta wa kale. Mwaka uliofuata vikapatikana vipande vingine viwili. Ni maneno ya mfalme Mwaramu wa karne ya 9 KK akijisifu kuwaua wafalme wawili, mmoja wa Israeli na mwingine wa nyumba ya Daudi. Adui hana sababu ya kumbuni babu wa adui yake. Ukubwa wa ufalme wa Daudi ndio unaogombaniwa mpaka leo, wengine, kama Israel Finkelstein wa Tel Aviv, wakiuona mdogo sana, wengine, kama Amihai Mazar wa Yerusalemu, wakiupa uzito zaidi. Mimi siwezi kuwaamulia.

Ila malalamiko juu ya Sulemani, mwana wa Daudi, yanasikika waziwazi. Hekalu la Mungu lilichukua miaka saba kujengwa. Jumba la mfalme lilichukua miaka kumi na mitatu, na msimulizi ameziweka hesabu hizo mbili jirani kabisa. Nchi iligawanywa mikoa kumi na miwili, kila mkoa ulishe jumba la mfalme mwezi mmoja kwa mwaka. Watu walipelekwa Lebanoni kwa zamu kukata mbao, kazi ya shokoa, bila ujira. Wajukuu wa watu ambao Biblia inasema walifyatua matofali Misri wakafanyizwa shokoa na mfalme wa damu yao! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Sulemani alipokufa, makabila ya kaskazini yalimfuata mwanawe Rehoboamu pale Shekemu, yakaomba jambo moja tu, apunguze mzigo. Akasikiliza vijana wenzake badala ya wazee, akajibu kwamba ataongeza. Alipomtuma msimamizi wa shokoa kwenda kutuliza watu, walimpiga mawe akafa, naye mfalme akapanda gari lake mbio kurudi Yerusalemu. Ufalme ukagawanyika kuwa falme mbili, Israeli kaskazini na Yuda kusini. Yeroboamu, mfalme mpya wa kaskazini, alikuwa mwenyewe msimamizi wa shokoa hapo zamani. Kwa kuogopa watu wasirudi kuabudu Yerusalemu, aliweka ndama wa dhahabu Betheli na Dani. Hapo dini na siasa vilifungwa fundo moja.

Sasa nataka tusimame kwa Ahabu, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ahabu alikuwa mfalme mkubwa wa Israeli ya kaskazini. Mwaka 853 KK, Shalmanesa wa Tatu wa Ashuru alishuka na majeshi yake mpaka Karkari, kando ya mto Oronte huko Syria, na wafalme wa eneo lote wakaungana kumzuia. Katika jiwe lake, ambalo liko British Museum mjini London, Shalmanesa anaorodhesha waliomkabili, na Ahabu Mwisraeli anahesabiwa kuwa na magari ya farasi 2,000 na askari wa miguu 10,000. Hesabu ya magari ni kubwa kuliko ya mshirika mwingine yeyote. Muungano ule ulimchelewesha Mwashuru kwa miaka. Mfalme yeyote angechongewa mnara kwa ushindi kama huo.

Biblia haina hata neno moja juu ya Karkari. Ina sura nzima juu ya shamba la mizabibu la Nabothi. Jirani wa jumba la mfalme, mtu wa kawaida, amekataa kuuza urithi wa baba zake. Ahabu analala na kugeukia ukuta, hali chakula. Mkewe Yezebeli anaandika barua kwa muhuri wa mfalme, wanapatikana mashahidi wawili wa uongo, Nabothi anapigwa mawe. Ahabu anashuka kulitwaa shamba, na humo humo shambani anamkuta nabii Eliya akimsubiri. Mwandishi alikuwa na mfalme aliyesimama mbele ya Ashuru, akachagua kutusimulia habari ya kipande cha ardhi na mtu mmoja aliyeonewa. Sijui kitabu kingine cha zama zile kilichopima utawala kwa mizani hiyo.

Na tusidhani kwamba watu wote wa Israeli walikuwa wakimwabudu Yahwe peke yake. Mwaka 1910, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokuwa Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, walikuta vigae vingi vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino. Ni kumbukumbu za ofisi: mitungi ya mvinyo wa zamani na ya mafuta safi iliyoingia mjini kwa mfalme kutoka vijijini, karne ya 8 KK. Nimekitazama sana kimoja katika picha. Kimeandikwa mwaka wa kumi wa mfalme. Anayepokea ni Gadiyau, na jina lake limebeba jina la Yahwe. Kati ya wanaoleta wamo Abibaali na Meribaali, ambao majina yao yamebeba jina la Baali. Hawa ni majirani waliokutana mlango mmoja wa ghala. Sauli mwenyewe alimwita mwanawe mmoja Yonathani, kwa Yahwe, na mwingine Eshbaali. Na kwenye jangwa la Sinai, mahali panapoitwa Kuntillet Ajrud, Ze'ev Meshel na wenzake walichimba mwaka 1975 na 1976 wakapata mitungi mikubwa ya yapata mwaka 800 KK, imeandikwa baraka kwa jina la Yahwe wa Samaria pamoja na Ashera wake. Wengine wanasema Ashera hapo ni mungu wa kike, mke wake. Wengine wanasema ni nguzo ya ibada. Vyovyote iwavyo, manabii waliopiga kelele juu ya Maashera hawakuwa wakipigana na kivuli. Walikuwa wakibishana na mama zao na majirani zao.

Mwishoni mwa karne ya 8 KK Samaria ilianguka. Sargoni wa Pili wa Ashuru anajisifu kuwahamisha watu 27,290. Waliobahatika walikimbilia kusini, na Yerusalemu ikapanuka haraka. Naona kwamba ndani ya mizigo yao walibeba pia hadithi zao, za Eliya na za Nabothi, na zikaingia mikononi mwa waandishi wa Yuda.

Yuda nayo ikawa kibaraka wa Ashuru. Mwaka 672 KK, mfalme Esarhadoni aliwaapisha watawala wote walio chini yake kumtii mwanawe Ashurbanipali. Nakala za kiapo hicho zipo. Moja ilipatikana ndani ya hekalu huko Uturuki mwaka 2009. Inamtaka aapaye ampende mrithi huyo kama nafsi yake. Akisikia neno la uasi, hata kutoka kwa ndugu yake au mwanawe, asilifiche. Akivunja, inafuata mlolongo mrefu wa laana. Kisha fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 13 na ya 28. Utapata sharti lile lile la kutomficha ndugu anayekushawishi, na laana zinazofanana kwa mpangilio, ila aliyeapiwa ni Yahwe. Waandishi wa Yuda walichukua utii ambao mfalme mkubwa kuliko wote duniani aliudai kwa upanga, wakamnyang'anya, wakampa Mungu wao. Sijapata kuona uasi wa kalamu uliokuwa na ujasiri kiasi hicho.

Mwaka 622 KK, siku za Yosia, mfalme wa Yuda, kuhani Hilkia alisema amekiona kitabu cha torati hekaluni. Mwandishi Shafani akakisoma mbele ya mfalme, mfalme akararua mavazi yake. Wakaenda kumuuliza nabii mwanamke, Hulda, ingawa nabii Yeremia alikuwepo. Tangu Mjerumani de Wette alipotoa hoja hiyo mwaka 1805, wasomi wengi wamekubali kwamba kitabu hicho kilikuwa kiini cha Kumbukumbu la Torati. Ndani yake, sura ya 17, imo sheria ya mfalme: asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijilimbikizie fedha na dhahabu, na ajiandikie nakala yake ya sheria aisome siku zote za maisha yake. Kila mtu aliyejua habari za Sulemani alijua ni nani anayesemwa. Na Yosia, mfalme aliyekaa kwenye kiti cha Sulemani, aliinama chini ya kitabu hicho, akabomoa mahali pa juu pa ibada, akavunja Maashera. Siwezi kuwasahau waandishi wa ikulu katika hili. Walikula mkate wa mfalme, na bado wakaandika sheria ya kumfunga.

Yosia aliuawa Megido mwaka 609 KK na Farao Neko. Kilichofuata kilikwenda haraka. Mwaka 597 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka mfalme Yoyakini, kijana wa miaka 18 aliyetawala miezi mitatu. Mwaka 586 KK Yerusalemu ikachomwa, hekalu pia. Kwa kanuni za zama zile, mungu aliyechomewa nyumba na mfalme wake kufungwa alihesabiwa kuwa ameshindwa. Wajerumani waliochimba Babeli mwanzoni mwa karne ya 20 walipata vibao vya udongo vya ghala la mfalme, na mwaka 1939 Ernst Weidner akavichapisha: posho ya mafuta kwa Yoyakini, mfalme wa Yuda, na kwa wanawe watano. Anaitwa mfalme bado, na anapimiwa mafuta kama wafungwa wengine.

Lakini watu wake walikuwa na kitabu ambacho tangu zamani kiliwaambia Mungu hahitaji mfalme ili awe Mungu wao. Koreshi wa Uajemi alipoiteka Babeli mwaka 539 KK na baadhi yao wakaruhusiwa kurudi, aliyewaongoza, Zerubabeli, alikuwa mjukuu wa Yoyakini. Nabii Hagai alimwekea matumaini makubwa. Hekalu lilimalizika mwaka 515 KK, naye Zerubabeli alikuwa liwali tu chini ya Mwajemi. Hakuna mtu wa nyumba ya Daudi aliyevikwa taji. Miaka mingi baadaye watu walikusanyika penye lango la Maji, Yerusalemu, wakasimama tangu alfajiri hadi adhuhuri kumsikiliza Ezra, mwandishi, akiwasomea torati juu ya jukwaa la mbao. Habari za Ezra na za kitabu alichokuwa amekishika ni ndefu, na tutazichukua wiki ijayo, saa hii hii, Mungu akipenda.